Kimya cha Nyumba ya Mlimani

Mwanangu Salma,

Uko chini sebuleni unapanga masanduku, na mimi nimejifungia chumbani kana kwamba nimejipumzisha. Jua bado liko juu ya mapaa ya nyumba za mkabala, na mabasi ya Stratford Road yanapita kama kawaida, moja halijaondoka kituoni jingine limeshafika. Kesho asubuhi mumeo Marko atatoka kwa mama yake Erdington, ng'ambo ya mji, aje kukuchukua, na jioni mtakuwa kisiwani kwao.

Sitakuandikia habari ya dawa yako ya pumu, wala nguo za baridi, wala pa kupata nyama ya halali. Hayo unayajua, na usiyoyajua utajifunza. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, cha jikoni la shule, cha kuuliza ni mtoto gani hali mayai. Siwezi kukwambia mambo haya kwacho. Na naandika kwenye karatasi kwa sababu Marko husoma simu yako. Hukuniambia. Niliona mwenyewe siku ya Idi, ulipoiweka mezani ikalia, akaichukua, akaifungua kama ni yake, akasoma, akairudisha palepale, nawe ukaendelea kukata keki. Kiswahili hakijui. Wewe unakisoma polepole, kama nilivyokufundisha zile Jumamosi ukiwa umenuna, lakini unakisoma.

Nataka kukusimulia safari yetu ya mwaka jana. Najua ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwepo ukiwa umependa, mimi nilikuwepo kama mgeni, na watu wawili hao hawaoni mambo kwa jicho moja.

Nikwambie ukweli, mimi ndiye niliyekipenda kisiwa kile kwanza. Meli ilipozima injini gatini nilidhani masikio yangu yameziba. Hakukuwa na hoteli ndefu wala miziki ya ufukweni. Maji yalikuwa safi hadi ungeweza kuhesabu mawe chini yake. Marko alitupokea mizigo, akatupandisha kwa gari lake hadi ile nyumba ya mawe aliyojenga babu yake juu mlimani, na usiku huo nililala bila kusikia basi wala king'ora cha polisi. Niliamka jua limeshapanda, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu baba yako afariki. Nilikwambia, "Hapa mtu anaweza kuzeekea." Ukanikumbatia. Ulikuwa umesubiri niseme hivyo.

Kwa siku mbili nilitembea pale kama mtu aliyepona ugonjwa. Wazee wa kijijini walitugawia zabibu. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikamenya machungwa, nikajiambia kwamba mwanangu amepata mtu mpole na mahali pa amani, na kwamba mimi nimeshamaliza kazi yangu.

Halafu tukawa jikoni na Lena.

Unajua nilivyompenda Lena, yule shangazi yake Marko anayeishi chumba cha chini na kuwapikia wageni. Ujanani alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha vyuma pale Tyseley, na Kiingereza chake kilikuwa cha Birmingham hasa, ungedhani umemkuta kituo cha basi. Wewe ulikuwa umekwenda kuoga. Alikuwa akinisimulia habari ya msimamizi wao wa zamani aliyekuwa na mazoea ya kuweka meno yake ya bandia ndani ya kikombe cha chai, na siku mwenzake alipokosea kikombe. Lena alicheka mpaka akapiga meza kwa kiganja. Nami nilicheka, machozi yakanitoka.

Gari likasikika kwenye kokoto nje. Lena akanyamaza. Hakumalizia kicheko chake kama watu wanavyomalizia, kwa kupumua na kufuta macho. Alikikata. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo tulikuwa tumeshaifuta.

Marko aliingia akitabasamu. "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Si kitu," Lena akasema.

"Watu hawacheki bila kitu."

Nikadhani anataka kushiriki, nikamsimulia mimi, meno na kikombe na yote. Hakucheka. Alimgeukia Lena. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Hakuna jingine?"

"Hakuna, Marko."

Akasimama pale mlangoni, bila hasira yoyote usoni, akimtazama anavyofuta meza. Sauti yake ilikuwa ya chini wakati wote. Sote tulikuwa tumeshusha sauti, hata mimi, wala sikujua ni nani aliyeniambia niishushe.

Salma, kimya kile nakifahamu. Nilizaliwa ndani yake. Babu yako wa Nakuru, ambaye hukumkuta, hakuwahi kumwinulia mtu mkono maishani mwake. Alipochukizwa aliacha tu kuzungumza na aliyemchukiza. Unaweza kuwa umekaa mbele yake mezani na akawa hakuoni. Unaomba chumvi, chumvi haisogei. Na wengine wote nyumbani hutakiwa wasikuone pia, mpaka yeye atakapoamua umerudi. Mama yako mkubwa Rukia alicheka getini siku moja na kijana wa kuuza mikate, mambo ya watoto, na baba hakusema naye tena mpaka muhula wa shule ulipokwisha. Mama yetu alikuwa akituambia, "Baba yenu amechoka," na akisikia lango linafunguliwa anapunguza redio. Majirani walitusifu sana. Watoto wa nyumba ile, walisema, hata huwasikii. Tuliona fahari. Tulidhani tuna adabu. Nilikuwa mtu mzima, tena nchi ya mbali, ndipo nikajua kwamba tulichokuwa nacho kilikuwa hofu, na ilichukua muda mrefu kwa sababu hapakuwa na alama mwilini ya kumwonyesha mtu. Rukia mpaka leo ukimpigia simu anaongea kama kuna mtu amelala chumba cha pili. Anaishi peke yake.

Lakini pale kisiwani nilijikaripia. Nilijiambia, wewe mama mzee, unaibeba Nakuru yako mpaka kwenye nyumba za watu. Acha.

Siku mbili baadaye Marko alitupeleka kwenye ile ghuba ndogo nyuma ya mlima. Ulitaka kuogelea mpaka kwenye jabali. Alisema, "Usiende." Ukamuuliza kwa nini, hakujibu, akasema tena, "Usiende." Wewe ukacheka, ukajitosa. Uliogelea vizuri, mwanangu. Ulipanda juu ya jabali ukanipungia mkono, nami nikakupungia, na nilipogeuka nimwambie Marko atazame, alikuwa anakunja taulo. Alizikunja moja moja, pembe juu ya pembe. Akaweka chupa za maji kapuni, akachukua viatu vyako akavipiga mchanga ukatoka. Nilidhani anahamia kivulini. Akapanda njia ya juu na kapu na viatu vyako, na nikasikia gari linawaka.

Ulipotoka majini uliniuliza, "Marko yuko wapi?"

"Labda amefuata chakula."

Ulicheka kidogo. Tukakaa. Kivuli cha mwamba kikatupita, jua likatufikia, na hapo ukaacha kutazama njia. Hukulia, wala hukumsema. Ulisema tu, "Nilimuudhi," kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilichana leso yangu ya kujitanda vipande viwili, nikakufunga miguu, tukaanza kupanda.

Lori dogo la matikiti lilitukuta barabarani, unalikumbuka. Yule mzee alipunguza mwendo, akasimama, akaegemea kiti akafungua mlango wa upande wetu. Alituuliza kitu kwa lugha yao, na wewe kwa moyo wako mweupe ukamwonyesha nyumba ya mlimani kwa kidole. Alitazama nyumba. Akatazama miguu yako. Halafu akauvuta mlango polepole akaufunga, akasema neno moja kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akaondoka. Nililitazama lori lile mpaka likapinda.

Na tulipopita kijijini, wale wazee wa zabibu walikuwa kwenye viti vyao nje ya mkahawa. Wakatuona tunakuja. Mmoja mmoja wakatazama vikombe vyao. Hakuna aliyetuita. Hakuna aliyetupatia maji. Watu wale si wabaya, Salma, tulikuwa tumeonja wema wao. Walikuwa wamejifunza kitu, na wamekijua muda mrefu, wote pamoja, kiasi kwamba hawakuhitaji hata kutazamana. Nikaelewa kwa nini kisiwa kizima kilinipa usingizi mzito namna ile. Nilikuwa nimerudi kwetu.

Marko alikuwa barazani anakula samaki. Alisimama akatuvutia viti. "Nilidhani mngependa kutembea," alisema. "Mandhari ni nzuri kule."

Na wewe, damu inatoka kwenye leso, ukamwambia samahani.

Jioni hiyo alikuosha miguu mwenyewe. Aliweka maji ya moto na chumvi kwenye karai, akapiga magoti mbele yako, akakutoa mchanga kwenye vidonda taratibu kama muuguzi. Ulinitazama juu ya kichwa chake ukitabasamu, macho yakiniambia, umeona, Mama? Niliona. Niliona ukimshukuru.

Siku ya kuondoka Lena alishuka mpaka gatini na furushi la tini. Aliponikumbatia aliniambia sikioni, haraka, "Mwambie asije na vitu vingi. Aje na vile anavyoweza kubeba mwenyewe." Akaniachia, akanipa tini. Marko alikuwa hatua chache tu nyuma yake.

"Shangazi amekwambia nini?"

"Amenitakia safari njema," nikasema.

Jibu lile lilinitoka bila kufikiri, na tabasamu juu yake. Ungedhani nimezaliwa pale. Nimelifikiria jibu hilo kuliko jambo lolote nililowahi kusema maishani, kwa sababu Lena alikuwa amejihatarisha ili nipate neno la kukuletea, nami nilipanda meli nikaliweka kapuni pamoja na tini, na sikukuletea.

Utauliza kwa nini nilinyamaza mwaka mzima. Nilijiuliza ningesema nini. Kwamba mwanamke amekatiza kicheko? Kwamba mwenye lori hakutupa lifti? Kila kitu nilichokiona kilikuwa kidogo nikikitaja. Na wewe ulikuwa na furaha, ukiimba bafuni. Marko alisilimu wakati wa baridi, akaja kila Ijumaa, akanibebea mafurushi ya mchele kutoka dukani. Alisema tuharakishe nikahi kabla Uingereza haijatoka Umoja wa Ulaya, kwamba karatasi zitakuwa ngumu, na kwa kuwa televisheni nayo ilikuwa ikisema hivyohivyo asubuhi na jioni, haraka yake ilionekana busara. Nikapika pilau. Nikapiga vigelegele katika sebule hiyohiyo unayopangia masanduku sasa.

Baada ya nikahi uliacha kazi kliniki, maana mnahama. Harpreet, rafiki yako tangu shule ya msingi, akaacha kuja, maana ana maneno mengi. Ukaacha ile rangi ya mdomo. Nami nikasema hata mimi nilipoolewa nilibadilika.

Mpaka Jumanne hii. Nilirudi kazini mapema, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikakusikia jikoni unazungumza na Harpreet kwenye simu na unacheka, kile kicheko chako cha kukoroma ambacho ulirithi kwa baba yako na ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi. Nilisimama nikisikilize. Simu ikalia mlio wa mtu mwingine anayepiga. Ukakikata kicheko, katikati kabisa, ukampokea Marko. Ukasema kwa sauti ya chini, "Hapana. Sikuwa nazungumza na mtu. Niko peke yangu." Nilikuwa nimesimama mlangoni, Salma. Ulikuwa unanitazama ukisema hivyo.

Ndipo nikafungua mdomo, nikaufungua vibaya. Nilichanganya lori na meza na babu yako, nikapandisha sauti, nawe ukanijibu kwa Kiingereza kwamba sikumpenda tangu mwanzo kwa kuwa si mtu wetu. Kisha ukasema, "Hajawahi kuniinulia mkono, Mama. Hata mara moja." Ukadhani umenishinda kwa hoja, kwa sababu nilikaa kwenye kiti nikaacha kubishana. Maneno hayohayo mama yangu aliyasema kwa majirani, na kwa dada zake, na kwetu.

Sikwambii usiende. Una miaka ishirini na sita na ni mke wa mtu. Na pengine nimekosea. Ningependa sana kuwa nimekosea, nizeeke nikichekwa kwa barua hii. Lakini mtu akikuacha barabarani bila viatu halafu akakuosha miguu, usitazame karai tu. Na ukijikuta unajieleza kwa nini umecheka, ondoka. Usingoje mpaka upate sababu ambayo watu wengine wataielewa. Hutaipata. Sisi tuliingoja utoto wetu wote. Pasipoti yako usimpe akuwekee. Na ukirudi, iwe baada ya wiki au baada ya miaka kumi, iwe na watoto au bila kitu, sitakuuliza kilichotokea. Nitakufungulia tu.

Kengele ya mlango imelia. Ngoja.

Ni yeye. Namsikia. Umemuuliza, "Si ulisema kesho?" na amekujibu kwamba ameona afadhali muondoke leo, mlale karibu na uwanja wa ndege. Umesema, "Lakini Mama amepika." Hajakujibu. Nilisubiri akujibu. Na sasa umesema, "Sawa."

Anapanda ngazi.

Nilikuwa nimeacha kalamu, sasa nimeichukua tena. Nakuandikia yaliyotokea sasa hivi wakati ulipokuwa chini. Alibisha mlango akaufungua bila kungoja.

"Unaandika nini, Mama?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Ya Salma."

"Nipe nimpelekee." Akanyoosha mkono.

"Hapana. Nitampa mwenyewe."

"Hatufichani kitu, mimi na yeye."

"Basi atakusomea akitaka."

Alisogea akasimama juu ya bega langu. Alitazama ukurasa, akaona jina lake limeandikwa mara nyingi kati ya maneno asiyoyajua. "Inasema nini?" aliuliza, kwa ile sauti ya chini.

Nilikuwa na jibu la uongo tayari mdomoni. Nilisikia ladha yake. Nikamwambia, "Inasema niliyoyaona kwenu."

Tabasamu lake lilibaki mdomoni lakini uso wote uliobaki ulibadilika. Alinitazama, kisha akaacha kuniona. Unajua namaanisha nini. Nilikuwa nimekaa palepale mbele yake, na sikuwepo. Nilikuwa na umri wa miaka saba tena, na kwa mara ya kwanza tangu umri huo haikuniumiza kama nilivyoogopa. Alitoka akavuta mlango polepole mpaka kitasa kikaingia bila mlio.

Sasa yuko huko chini na wewe, na sisikii kitu. Sisikii zipu wala hatua zako wala sauti yake. Mnafanya nini kimya hivyo, watu wawili na masanduku manne?

Nashuka. Barua hii nitakupa mkononi mwako, mbele yake, na nitasimama kati yenu na mlango wa mbele. Halafu nitakuuliza kama wewe unataka kuondoka leo. Akijibu yeye, nitakuuliza tena.

Mama yako